Sura ya Sita: Pumzi Kabla ya Hesabu

Chukua mtoto aliyezaliwa Kitchanga, teritwari ya Masisi, Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Kongo, mwaka 2012. Kabla hajaachishwa ziwa, mwishoni mwa Februari 2013, sehemu kubwa ya mji wake iliteketea katika mapigano kati ya jeshi la serikali na kundi la APCLS. Januari 2023, akiwa na umri wa kumalizia shule ya msingi, waasi wa M23 waliuteka mji huo na familia nyingi zikashika njia ya Sake na Goma, magodoro kichwani. Februari 2024 mabomu yalifika Sake. Tarehe 3 Mei mwaka huohuo yakaangukia kambi za wakimbizi pembezoni mwa Goma. Januari 2025 Goma yenyewe ikaanguka, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Mtoto huyu ni wa mfano, lakini tarehe ni za kweli, na wako maelfu ambao maisha yao yamezifuata moja baada ya nyingine.

Upande wa magharibi, Walikale, hadithi ina miti mingi zaidi na barabara chache zaidi. Ni teritwari kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini, zaidi ya kilomita za mraba 23,000, sehemu kubwa ikiwa msitu. Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianzia soko la Ntoto, Walikale, kisha yakapanda hadi Masisi. Kati ya Julai na Agosti 2010, Luvungi na vijiji jirani vilivamiwa; mamia ya wanawake, na watoto pia, walibakwa kwa siku chache tu. Machi 2025 M23 waliingia Walikale-centre, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Watu waliokimbilia msituni walilala huko na watoto wao, mvua ikiwanyeshea.

Kisha shule inafunguliwa. Kengele inapigwa, ambayo mara nyingi ni kipande cha rimu ya gari kilichoning'inizwa, na watoto hawa wanaingia darasani. Mwalimu anaandika ubaoni: 345 toa 178. Swali la sura hii ni hili: mtoto aliyepita huko anahitaji nini ili aweze kuliona swali lililo mbele yake?

Mwili unaokumbuka

Mlango wa bati ukibamizwa na upepo, mtoto wa Mweso au wa Nyabiondo, Masisi, anaweza kuwa chini ya dawati kabla hajajua kwamba amesogea. Hakuamua kuogopa. Ubongo una sehemu ya kupokea dalili za hatari, na sehemu hiyo hutenda haraka kuliko ile ya kufikiri. Moyo unaenda mbio, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi na ya juu kifuani, macho yanatafuta mlango. Mwilini zinamwagika homoni za kukimbia au kupigana. Mahali penye risasi, huu ni uhai. Mbele ya ubao, ni kikwazo, kwa sababu uwezo wa kushika tarakimu kichwani, kukumbuka hatua inayofuata na kungoja zamu unadhoofika wakati mwili uko vitani.

Hofu hiyo ikikaa miezi na miaka, mtoto hawezi tena kuizima kengele ya hatari iliyo ndani yake. Mmoja anakuwa mgomvi, anampiga jirani kwa kuguswa kiwiko. Mwingine anakaa kimya, macho wazi, na ukimwita jina mara tatu hasikii. Wa tatu analala darasani kwa sababu usiku anaota. Mwalimu ambaye hakuelezwa haya anawaita mtukutu, mjinga na mvivu, na mara nyingi anashika fimbo. Fimbo inauthibitishia mwili wa mtoto kile ambacho tayari uliamini: kwamba hata hapa si salama.

Pumzi inafanya kazi gani

Mtu hawezi kuuamuru moyo wake upunguze mwendo, wala kuliamuru tumbo lake litulie. Pumzi ni tofauti. Inakwenda yenyewe tukilala, lakini tukitaka tunaweza kuishika na kuiongoza. Ndiyo sababu watu wa India waliifanya nguzo ya yoga tangu zamani, na ndiyo sababu Jon Kabat-Zinn, aliyeanza mwaka 1979 kuwafundisha wagonjwa wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kutuliza akili, aliwafundisha kuifuata pumzi.

Maelezo ya mwili ni rahisi. Tunapovuta hewa, moyo unaongeza kasi kidogo, tunapoitoa, unapunguza. Mshipa mkubwa wa fahamu uitwao vagasi, unaoteremka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, ndio unaobeba amri hiyo ya kupunguza. Kwa hiyo mtu anayetoa pumzi polepole, kwa muda mrefu kuliko alivyoivuta, anautumia mwili wake ujumbe kwamba hatari imepita. Kunyoosha viungo kunasaidia kwa njia yake: misuli iliyokazwa muda mrefu inalegea, na mtoto anajifunza tena kuhisi miguu yake, mgongo wake, mabega yake. Wengi walioumizwa hujitenga na miili yao ili wasihisi, na kurudi mwilini taratibu, bila kushurutishwa, ni hatua ya kupona.

Hayo ndiyo mazoezi ya utulivu darasani kwa ukamilifu wake: kupumua, kujinyoosha, na kuuelekeza moyo wote kwenye jambo moja lililo hapa. Hayahitaji mkeka, umeme wala vitabu.

Tafiti zinasema nini

Anayeyapenda mazoezi haya ana wajibu wa kusema ukweli wote kuyahusu. Uingereza ilifanya utafiti mkubwa ulioitwa MYRIAD, katika shule 85, kwa zaidi ya wanafunzi 8,000 wa miaka 11 hadi 14. Nusu ya shule zilifundisha masomo ya utulivu wa akili, nusu ziliendelea na ratiba yao. Matokeo yalitangazwa mwaka 2022: kwa afya ya akili ya wanafunzi, masomo hayo hayakushinda mafundisho ya kawaida. Wanafunzi wengi hawakufanya mazoezi nje ya darasa. Walionufaika kwa kiasi fulani ni walimu, ambao uchovu wao wa kazi ulipungua kwa muda, na hali ya jumla ya shule.

Sasa linganisha na Kongo. Kuanzia mwaka 2010, shirika la IRC, kwa fedha za Marekani, liliendesha mradi uliojulikana kwa kifupi OPEQ katika mamia ya shule za mashariki na kusini mwa nchi, zikiwemo za Katanga na Kivu ya Kusini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, wakiongozwa na Lawrence Aber, walizipanga shule kwa kura ili kupima tofauti. Mradi haukufundisha yoga. Ulifundisha walimu jinsi ya kuendesha darasa linaloponya: ratiba inayotabirika, maneno ya kutia moyo, masomo ya kusoma na hesabu yaliyofungamana na kujali hisia, na vikundi ambamo walimu wa shule moja walikutana kusaidiana. Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi waliziona shule na walimu wao kuwa wenye kuwajali zaidi. Katika afya ya nafsi za watoto, matokeo yalichanganyika.

Dungu, kaskazini-mashariki, ambako waasi wa LRA waliteka watoto kwa miaka, wanasaikolojia wakiongozwa na Paul O'Callaghan walifanya kazi na watoto 159. Programu yao ilikuwa na mafunzo ya stadi za maisha yaliyoitwa Chuo cha Maisha, sinema fupi zilizoonyeshwa kijijini, na mazoezi ya kulegeza mwili. Wasimamizi walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa, na familia zilihusishwa. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba dalili za kiwewe zilipungua. Baraza la Wakimbizi la Norway, NRC, nalo lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Tromsø kuunda programu ya ngazi tatu kwa watoto wa vita: mazoezi ya kupumua na kutulia kwa darasa zima, msaada wa masomo kwa waliobaki nyuma, na kazi ya karibu zaidi na wale wanaosumbuliwa na jinamizi kila usiku.

Ukizisoma tafiti hizi pamoja, unapata funzo moja. Zoezi la kupumua lililowekwa peke yake kwenye ratiba, kama somo jingine, lina nguvu ndogo. Likiwa ndani ya darasa lenye mtu mzima anayemjali mtoto, na likiungwa mkono na wazazi, linaweza kufanya kazi. Kinachomtuliza mtoto kwanza ni mtu mzima aliyetulia mbele yake.

Mwalimu kwanza

Hapo ndipo hoja inapokuwa ngumu, kwa sababu mwalimu wa Masisi na Walikale naye amekimbia. Naye amelala porini, amezika ndugu, amepoteza ng'ombe au shamba. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure Septemba 2019, watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa karo walirudi kwa wingi, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini madarasa yalifurika na walimu waliotegemea mchango wa wazazi, ile «prime», wakabaki mikono mitupu. Wako walimu wanaoitwa NU, ambao hawajaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya serikali ingawa wanafundisha kila siku. Kwa mwalimu wa ndani ya Walikale, hata aliye kwenye orodha, kuufuata mshahara ni safari ya njia mbovu na vizuizi vya watu wenye bunduki.

Kumwambia mtu huyu awafundishe watoto utulivu bila kumgusa yeye ni kumdhulumu mara ya pili. Mafunzo yoyote yaanze na mwili wake. Walimu wa shule moja wakae pamoja, asubuhi kabla ya kengele au Ijumaa baada ya masomo, wapumue, wajinyooshe, kisha kila mmoja aseme wiki imempitaje. Asilazimishwe anayetaka kunyamaza. Wazungumzie darasa gumu, mtoto asiyesema, na hasira iliyowashinda. Direkta wa shule ashiriki kama mwalimu mwenzao, aache ukaguzi nje ya mlango. Mwalimu anayejua kwa mwili wake mwenyewe kwamba pumzi ndefu imemshusha hasira hatahitaji kushawishiwa; siku mkono utakapoelekea kwenye fimbo, atakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Dakika tano kwenye madawati ya Masisi

Picha za yoga za Ulaya zinaonyesha mtu mmoja, mkeka mmoja na sakafu inayong'aa. Darasa letu lina kuta za mbao, sakafu ya udongo au ya mawe ya volkano, na watoto wanne kwenye dawati la wawili. Masisi asubuhi ni baridi ya milimani. Walikale ni joto la msitu lenye unyevunyevu. Mvua ikipiga bati, mwalimu hasikiki. Mtoto mwingine hajala tangu jana. Zoezi linalofaa ni lile linaloweza kufanyika hapo hapo, kwa muda mfupi, na mtoto mwenye njaa asizimie.

Lianze na miguu. Mwalimu aseme kwa sauti ya kawaida: «Watoto, tuweke nyayo chini. Tuisikie ardhi. Angalieni kitu kimoja mbele yenu.» Macho yabaki wazi. Mtoto aliyeona mabaya, akifumba macho, huenda akayaona tena.

Kisha pumzi. Wavute kwa pua hesabu ya tatu, watoe kwa mdomo hesabu ya tano, taratibu, kama mtu anayepuliza uji wa moto bila kuumwaga. Mara tano zinatosha. Hesabu isikike kwa lugha wanayoielewa wote. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inatambua lugha za taifa na za mazingira katika kufundishia, basi Kiswahili kitumike, na Kihunde, Kinyanga, Kitembo au Kinyarwanda pale mtoto mdogo anapokihitaji. Mwili hautulii kwa amri ya lugha ya kigeni.

Baada ya hapo wasimame kando ya madawati. Mikono juu, wajinyooshe kama wanaofikia boriti; mabega juu, mabega chini; mguu mmoja, mkono kwenye bega la jirani ili asianguke. Mikao ya kulala chini au ya kuinama sana iachwe: wasichana wamevaa sketi za buluu, na kumlaza chini mtoto aliyedhulumiwa mwili kunaweza kumrudisha siku ile. Mwalimu asimguse mwanafunzi kumrekebisha. Mlango ubaki wazi.

Vitabu vingi vya mazoezi haya humtaka mtoto asikilize sauti iliyo mbali kabisa. Masisi tusifanye hivyo. Watoto hawa wanasikiliza mbali siku zote, usiku na mchana, kujua kama mlio ule ni radi au ni bomu. Wasikilize karibu: pumzi ya jirani, chaki ubaoni, mikono yao wenyewe ikisuguana.

Mwisho, wimbo mfupi watakaouchagua wao, na papo hapo swali jepesi ambalo kila mmoja anaweza kulijibu. Mtoto aingie kwenye hesabu akiwa ameshinda mara moja. Wakati mzuri ni asubuhi, baada ya mapumziko, na kabla ya mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Dakika tano kila siku zina maana kuliko saa nzima siku wageni wa shirika wanapokuja na kamera, kwa sababu mtoto wa vita anahitaji kujua kitakachofuata. Kujirudia kwenyewe ni sehemu ya tiba.

Jina la yoga na hofu ya wazazi

Shule nyingi za Kivu ni za makanisa chini ya mkataba na serikali: za Wakatoliki, za CBCA, za CEPAC na wengineo. Neno yoga likifika kwenye mkutano wa wazazi, mchungaji au mama wa watoto sita anaweza kuuliza kama watoto wanafundishwa kuabudu miungu mingine. Swali hilo ni halali na linastahili jibu la heshima. Yoga imezaliwa India, na huko ina upande wa ibada. Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga duniani mwaka 2014, na tangu 2007 shirika la Africa Yoga Project limewafundisha vijana wa mitaa ya Nairobi kuwa walimu wa mazoezi hayo. Lakini hoja za namna hiyo hazimtulizi mzazi wa Pinga, Walikale.

Kinachomtuliza ni kuona. Waalikwe wazazi, baba paroko na mchungaji, waketi kwenye madawati ya watoto wao, wafanye zoezi lote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wasikie kwamba hakuna maneno ya kigeni yanayokaririwa, hakuna sanamu, hakuna ishara ya ibada. Waambiwe wazi mazoezi yametoka wapi, kwa sababu jambo lililofichwa leo litatiliwa shaka kesho. Shule ikiamua kuyaita mazoezi ya kupumua, ni sawa, mradi wazazi wameelezwa. Na mtoto ambaye nyumbani kwake wamekataa akae kimya mahali pake bila kuchekwa. Wazazi watakaoshiriki wanaweza kuendelea na zoezi nyumbani jioni, wakati mtoto anaogopa kulala, na huenda hapo ndipo faida kubwa ilipo.

Mipaka ya pumzi

Pumzi haimalizi kila kitu. Mtoto anayeota jinamizi kila usiku, anayekojoa kitandani akiwa na miaka kumi na miwili, aliyeacha kusema, au anayetaka kujidhuru, anahitaji msaada wa karibu zaidi: msaidizi wa kisaikolojia, kituo cha afya, hospitali. Kazi ya mwalimu ni kumwona mapema na kumfikisha kwa mwenye ujuzi, kwa siri. Msichana aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili apate dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI. Zoezi la darasani halichukui nafasi ya dawa hizo.

Tusiwafundishe watoto kutulia pale wanapotakiwa kukimbia. Risasi zikilia kweli, zoezi ni kulala chini na kufuata njia ya kutokea iliyopangwa. Hofu ya mtoto wa Masisi ina akili yake; tunachotaka ni iondoke wakati hatari imeondoka.

Na tusikubali utulivu wa watoto utumiwe kuficha makosa ya wakubwa. Kongo ilijiunga na Azimio la Shule Salama mwaka 2016, ikiahidi kuzilinda shule na kuzuia wanajeshi wasizitumie. Bado zipo shule ambazo watu wenye silaha wamelala ndani yake, wakachoma madawati kwa kuni. Mtoto hawezi kupumua kwa amani mahali ambapo jana palikuwa kambi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa pande nne. Kwa serikali na yeyote anayeshika madaraka katika milima na misitu hii: waondoeni wenye silaha shuleni, na mwalimu alipwe, akiwemo yule wa NU. Kwa makanisa yanayosimamia shule: yachunguzeni mazoezi haya kwa macho yenu kabla ya kuyakataa. Kwa mashirika: msilete mafunzo ya siku mbili na fulana, kaeni na walimu mwaka mzima, na muwatunze wao kwanza. Na kwako, mwalimu wa Masisi na wa Walikale, ambaye umerudi kufundisha baada ya kila kukimbia: kesho, kabla ya kugeukia ubao, simama mbele ya watoto, weka nyayo zako chini, toa pumzi polepole. Wanakuangalia wewe kujua kama ni salama. Wakikuona umetulia, wataanza kujifunza.